UZI: Kapteni William Owen, mwanamaji aliyepima pwani yetu yote na kuiweka Mombasa chini ya Uingereza bila kutumwa

Mwana wa Bahari

Wakuu habari zenu. Wanaokaa Mombasa wanapita Port Reitz kila siku, na wazamiaji wa Nungwi wanaijua vizuri Leven Bank kwa samaki wake, ila ukiuliza Reitz alikuwa nani na Leven ni kitu gani wengi watakwambia ni majina ya wakoloni tu, basi. Majina yote mawili yanatoka kwenye msafara mmoja wa nahodha mmoja, William Fitzwilliam Owen, na Owen mwenyewe alifika Mombasa mwaka 1824, miaka sitini kabla ya ule mkutano wa Berlin. Huyu mtu nimemsoma muda mrefu na naona watu wa pwani hatumjui inavyotakiwa, ndo maana nimeamua kufungua uzi. Ni mrefu, mwenye haraka aupitie baadae.

Tuanze na alikotoka maana inasaidia kumwelewa. Amezaliwa Manchester mwaka 1774, mtoto wa nje ya ndoa wa ofisa wa jeshi la majini aliyeitwa Kapteni William Owen. Baba akafia India huko Madras mwaka 1778 mtoto akiwa na miaka kama minne tu, kwahiyo yeye na kaka yake Edward wakalelewa na rafiki wa baba yao, Sir Thomas Rich, naye mwanamaji. Hao watoto wawili wasio na urithi wa maana njia yao ilikuwa moja tu, bahari. William akaingia manowarini mwaka 1788 akiwa na miaka 13, na wote wawili walikuja kuwa maadmirali, lakini William alichelewa sana kupanda vyeo maana alikuwa na tabia ya kusema anachoamini hata mbele ya mkubwa wake. Hiyo tabia ikumbukeni, itarudi Mombasa.

Vita vya Napoleon vikampeleka Bahari ya Hindi, na mwaka 1808 Wafaransa wakamkamata. Akafungwa Mauritius mpaka 1810. Na hapo ndo akakutana na mfungwa mwingine, Matthew Flinders, yule aliyeizunguka Australia yote akiichora, ambaye Wafaransa walimshikilia kisiwani hapo toka 1803. Fikiria mwenyewe ofisa aliyefungiwa kisiwa kimoja na mmoja wa wapimaji bahari wakubwa wa zama zile, hawana meli, hawana kazi, wana muda tu. Mimi naamini kifungo kile ndo kilimtengeneza Owen kuliko vita vyote alivyopigana, kwa sababu baada ya hapo maisha yake yakahamia kwenye kupima. Mwaka 1815 mpaka 1817 yuko Canada anapima yale maziwa makubwa, na mwaka 1821 wizara ya jeshi la majini ikampa kazi ambayo haijawahi kupewa mtu kabla yake: kapime pwani ya Afrika.

Mwana wa Bahari

Naendelea. Meli zilikuwa mbili, Leven ya kwake mwenyewe na Barracouta chini ya Kapteni Cutfield. Walitoka Uingereza mwanzoni mwa 1822, wakapita Cape Town, wakaanza kupanda na pwani ya mashariki.

Wengi wakisikia "alichora ramani" wanadhani mtu amekaa kwenye kiti anaangalia ufukwe anachora. Kazi ile ilikuwa ya mikono na ya jasho. Meli kubwa inatia nanga nje ya mwamba, halafu mashua zinashushwa zinaingia ndani kwenye maji madogo. Baharia anasimama ubavuni mwa mashua na bildi, lile bonge la madini ya risasi lililofungwa kwenye kamba yenye alama za pima (pima moja ni kama futi sita), anairusha mbele, kamba inakimbia mkononi, mashua ikifika usawa wa bildi anasoma alama anapaza sauti pima saba, pima sita na nusu, pima nne, ofisa anaandika. Chini ya lile risasi kuna kitundu kimejazwa shahamu, bildi ikigonga chini shahamu inanasa kilichopo, mchanga, tope, changarawe au vipande vya matumbawe, na hicho nacho kinaandikwa maana nahodha anataka ajue nanga yake itashika au itateleza. Wakati huohuo mwingine ana sekstanti anapima pembe kati ya rasi hii na kilima kile ili pima saba ijulikane ni pima saba ya wapi. Na ndani ya meli kuna kronomita, saa zile za usahihi wa hali ya juu, zikiwa zimelindwa na joto na mtikisiko, maana ukikosea saa umekosea umbali wa mashariki na magharibi na pwani nzima inakaa mahali pasipo pake.

Sasa zidisha hiyo kwa kila mlango wa mto, kila kisiwa, kila kipwa kinachoonekana maji yakitoka, toka Rasi ya Matumaini Mema mpaka pembe ya Afrika, halafu Madagascar, Ushelisheli, pwani ya Uarabuni, halafu wazunguke mpaka Afrika Magharibi. Msafara ulirudi mwaka 1826 na ramani mpya kama 300 zilizofunika takriban maili 30,000 za pwani. Zaidi ya nusu ya watu waliotoka nao Uingereza walikuwa wameshakufa.

Zaidi ya nusu wakuu. Na hawakufa kwa mizinga.

Kilichowaua kilianza Ghuba ya Delagoa, yaani Maputo ya leo, mwishoni mwa 1822. Mashua ziliingia mitoni kupima, watu wakalala hukohuko kwenye mikoko siku kadhaa, wakarudi melini na homa. Kapteni Cutfield akafa, maofisa wakafa, mabaharia wakafa kwa makumi, na Barracouta ikabidi apewe Alexander Vidal. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni mbu, hilo lilikuja kujulikana karibu na mwisho wa karne. Waliamini ni hewa mbaya ya vinamasi, na tiba ya madaktari ilikuwa kumtoa mgonjwa damu na kumpa dawa ya zebaki, yaani mtu homa imeshamnyonya halafu na daktari anammalizia damu iliyobaki.

Mwaka 1823 wakapeleka watu watatu kupanda mto Zambezi kutokea Quelimane: Luteni Browne, daktari Kilpatrick na John Forbes, kijana mtaalamu wa mimea aliyetumwa na chama cha kilimo cha bustani cha London. Hakurudi hata mmoja. Forbes alifia njiani Senna. Hiki ndo kipande cha hadithi kinachoniuma zaidi, kwa sababu ukifungua ramani nzuri ya bahari unaona tarakimu ndogondogo za kina zimetawanyika majini, na nyingi za mwanzo kwenye maji yetu zilipatikana kwa bei hiyo.

Kipwa Kirefu

Mkuu uzi mzuri sana, nashuka nao. Ila swali moja, kwani kabla ya Owen manahodha wetu walikuwa wanapita vipi? Maana unavyoandika kama vile bahari ilikuwa haijulikani.

Mwana wa Bahari

Ilikuwa inajulikana sana, na nashukuru umeuliza. Wanahodha wa Lamu, Pate, Mvita (yaani Mombasa), Unguja na Kilwa walikuwa wanapita milango ile karne na karne, wanajua kaskazi inaanza lini na kusi linafunga lini bandari gani, wanajua bamvua inaficha mwamba upi na maji mafu yanauacha wazi. Owen hakugundua chochote ambacho mtu wa pwani hakijui. Elimu ya rubani wa Mombasa ilikaa kichwani mwake na alimrithisha mwanae au mwanafunzi wake, na kwa faida yake ilikuwa haitakiwi itoke nje, maana rubani kuwa peke yake anayeujua mlango ndo riziki yake. Owen alichofanya ni kuiweka kwenye karatasi ambayo nahodha wa Liverpool asiyewahi kuiona Mombasa anaweza kuinunua na akaingia bandarini kwa kuisoma. Hapo nguvu ndo ilipohama mikono, na huhitaji hata mzinga kwa hilo. Marubani wenyeji walisaidia, ila ramani hazikubeba majina yao, na hilo ni deni la historia ambalo sidhani kama litalipika.

Na angalia alivyofika Mombasa: alitokea Muscat na upepo wa kaskazi, mwezi wa pili, njia ileile na msimu uleule wa majahazi. Manowari ya kifalme na jahazi la tende wote waliusubiri upepo mmoja.

binti_kisauni

Tunataka sasa hiyo habari ya Mombasa, usituache hapo. Kwetu wazee walikuwa wanasema Wamazrui ndo walioita Waingereza, sio Waingereza waliokuja wenyewe. Ni kweli?

Mwana wa Bahari

Dada wazee wako wamesema kweli tupu, na hapa ndo moyo wa uzi wenyewe.

Wamazrui walitoka Oman kama maliwali wa Mombasa, lakini utawala wa Oman ulipoangukia mikononi mwa Mabusaidi miaka ya 1740 wao wakakataa kuwatambua, wakasema kama Busaidi amejitwalia Oman na sisi Mombasa ni yetu. Wakaitawala hivyo miaka themanini hivi, na Pemba ikawa shamba lao la chakula. Ndo zama za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyesimama na Wamazrui kwa kalamu yake, kwahiyo mkitaka kujua mji ulikuwa na moyo gani kasomeni mashairi ya Muyaka. Kisha akaja Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman wa ukoo huohuo wa Busaidi, mtu mwenye subira na merikebu nyingi. Wamazrui walipigwa vibaya Shela, Lamu, huko nyuma kwenye 1812 hivi. Kufikia 1823 Pemba nayo imeshawatoka, na merikebu za Seyyid zinauzunguka mji.

Wakaandika barua Bombay kwa Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki wakiomba ulinzi. Wakakataliwa, kwa sababu Seyyid Said alikuwa rafiki wa Waingereza, walipigana pamoja kwenye Ghuba ya Uajemi, na njia ya India ilikuwa na thamani kuliko kisiwa cha Mvita. Desemba 1823 Vidal akaingia Mombasa na Barracouta, wakamwomba yeye bendera. Naye akakataa, akasema sina mamlaka hayo, akang'oa nanga akaondoka.

Wamazrui wakashona ya kwao. Bendera ya Uingereza ya kushonwa palepale Mombasa, wakaipandisha juu ya Fort Jesus, na merikebu za Seyyid zilizokuwa nje zikabaki zinaangalia, hazijui zifanye nini, maana ukiipiga bendera ile umeipiga Uingereza. Watu wanasema wazee wetu walikuwa hawaelewi siasa za dunia, jamani, hawa walielewa kabisa kitambaa kile kina uzito gani na wakakitumia kabla mwenye nacho hajatoa ruhusa.

Tarehe 7 Februari 1824 Leven ikatokea. Owen anaona bendera ya nchi yake juu ya ngome ambayo nchi yake haijui habari zake.

Kusi Kali

Hapo ndo nataka kujua aliamua vipi, maana ofisa wa kawaida angeshusha bendera na kuomba radhi kwa Seyyid.

Mwana wa Bahari

Na ndicho kilichotegemewa. Lakini Owen alikuwa mtu wa dini hasa, na ndani ya miaka miwili alikuwa ameona biashara ya watumwa kwa macho yake Msumbiji, Quelimane na kwingine kote alikopita. Imemkaa rohoni. Miaka miwili nyuma, 1822, Kapteni Moresby wa Uingereza alikuwa amesaini mkataba na Seyyid Said wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo, lakini biashara ndani ya nchi za Seyyid mwenyewe na kwenda Uarabuni ikaachwa iendelee. Kwa Owen huo mkataba haukutosha kabisa. Alipokuwa Muscat, kabla hajashuka Mombasa, alimwambia Seyyid Said mwenyewe uso kwa uso kwamba watu wa Mombasa wakiniomba ulinzi nitawapa, kwa ajili ya kukomesha biashara hii. Kwahiyo hakumvizia mtu.

Akakaa na Liwali Sulaiman bin Ali wa Wamazrui na wakubwa wa mji, na ndani ya siku chache wakakubaliana. Uingereza irudishe milki za zamani za Mombasa ikiwemo Pemba, utawala ubaki kwenye ukoo wa Mazrui, mwakilishi wa Uingereza akae mjini, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, raia wa Uingereza waruhusiwe kufanya biashara mpaka bara, na biashara ya watumwa ikomeshwe Mombasa. Amiri wa merikebu za Seyyid akaacha kuuzingira mji.

Tazameni hayo makubaliano kila mtu alikuwa anataka nini. Wamazrui wanataka Pemba na wanataka Seyyid aondoke, kukomesha utumwa ni bei wanayolipa na wenyewe walikuwa na watumwa. Owen anataka watumwa wakome, Pemba ni bei anayolipa yeye, na Pemba haikuwa ya kwake kuitoa. Kila upande uliahidi kitu ambacho ulikuwa na nusu tu ya uwezo wa kukitimiza, na mimi nawaona wote walikuwa wakweli siku wanasaini. Owen akapitia Pemba kujaribu kuwapatia, liwali wa Seyyid kule akamkatalia, basi ikaishia hapo, akaandikia serikali yake kuomba ibariki alichofanya, akaendelea na kupima.

Na mjini akamwacha Luteni John James Reitz, kijana wa Kiholanzi wa Cape, na watu wachache wa kuhesabika kwa vidole, ndo serikali yote ya Uingereza Mombasa. Mwezi wa tano Reitz akafunga safari kwenda Pangani kuangalia nchi, tena kwenye masika. Homa ikamkuta njiani na tarehe 29 Mei 1824 akawa amefariki. Hakumaliza hata miezi minne kwenye kazi. Owen akaupa jina lake ule mkono wa bahari upande wa magharibi wa kisiwa, ndo Port Reitz yenu mpaka kesho.

binti_kisauni

SubhanAllah, kumbe ndo huyo. Na English Point hapa kwetu ng'ambo nayo inahusika?

Mwana wa Bahari

Inahusika moja kwa moja. Baada ya Reitz mji ukashikwa kwa muda na midshipman Phillips, kijana mdogo kabisa wa cheo cha mwanafunzi, mpaka Agosti 1824 alipofika Luteni James Emery aliyekaa mpaka mwisho. Kwenye kipindi hicho watumwa waliokamatwa kutoka kwenye vyombo vya magendo waliachiwa huru na kupewa ardhi hapo ng'ambo ya Mji wa Kale, English Point, walime na wajenge. Hayo yalikuwa makazi ya walioachwa huru miaka hamsini kabla ya Frere Town ya kina Bartle Frere. Frere Town inatajwa kila mahali, English Point ya kina Emery haitajwi, na hili naona ni kosa kubwa la wanaoandika historia ya Mombasa. Na Leven House pale Mji wa Kale na ngazi zake za kushukia majini zinabeba jina la meli ya Owen kutokana na zama hizohizo.

Mla Ndimu

Kaka mimi nitakuwa tofauti kidogo. Naona uzi unamsafisha mkoloni. Aje na meli za vita, apime milango yetu yote, asainishe watu mikataba, halafu tuseme alikuwa na moyo mzuri? Hao ndo waliofungua njia.

Mwana wa Bahari

Hoja yako ni nzito na sitaki kuikwepa. Njia waliifungua, hilo halina ubishi. Ramani zile zilitumika miaka mingi na manowari za kila aina, zikiwemo zilizokuja kutuvamia wajukuu wa waliompokea Owen. Na nakupa ushahidi mwingine upande wako: kule Delagoa mwaka 1823 Owen alisaini mikataba na wafalme wa Tembe na Maputo kwamba wako chini ya Uingereza. Karatasi hizo zikakaa kabatini miaka mingi, halafu Uingereza ikazitoa kudai eneo zima dhidi ya Wareno mpaka kesi ikapelekwa kwa rais wa Ufaransa MacMahon aamue, na mwaka 1875 akawapa Wareno. Wafalme waliosaini walitaka rafiki dhidi ya maadui wa siku ile, wajukuu zao wakageuka kuwa vielelezo kwenye kesi ya Paris ambayo hakuna aliyewaita kusema neno.

Lakini ukisema alikuwa wakala wa ukoloni wa kutumwa, hapo ndo siendi na wewe, kwa sababu serikali yake haikumtaka. London na Bombay walikereka. Seyyid Said alilalamika, na kila mwaka uliopita ilikuwa wazi zaidi kwamba hawatamuudhi mshirika wao wa Ghuba kwa ajili ya Mombasa. Kama ni mpango wa ukoloni basi ulikataliwa na wakoloni wenyewe. Julai 1826 amri ikaja, Emery akapakia vyombo vyake, bendera ikashuka. Miaka miwili na nusu tu.

Na Mombasa nako kufikia hapo mapenzi yalishakwisha. Pemba haikurudi. Nusu ya ushuru wanadaiwa kila siku na mgeni mwenye askari wachache. Biashara ya watumwa imebanwa na hakuna kilichokuja kuziba pengo la pesa. Emery na wakubwa wa mji walikuwa wanagombana waziwazi. Kwahiyo hata wao hawakulia sana siku anaondoka.

Mimi kosa la Owen naliweka hapa: aliahidi kwa jina la taifa kitu ambacho ni dhamira yake peke yake. Dhamira ilikuwa safi, sina shaka nayo, na kwenye suala la utumwa alikuwa sahihi kuliko waliomkemea, maana mkataba wa kweli wa kuzuia watumwa kusafirishwa kwa bahari Zanzibar haukuja mpaka 1873, na kati ya hapo wamepita watu wangapi sokoni. Lakini yeye aling'oa nanga akaenda kupima Afrika Magharibi, na waliobaki na matokeo ni watu wa Mvita.

Kipwa Kirefu

Na Seyyid aliwafanyaje Wamazrui baada ya bendera kushuka? Hapo ndo pa kuangalia gharama.

Mwana wa Bahari

Alikuja mwenyewe mwanzoni mwa 1828 na merikebu zake, ikiwemo Liverpool ya mizinga 74. Wakapigana, wakapatana, akaweka askari ngomeni, alipoondoka tu Wamazrui wakawazingira askari wale mpaka wakatoka. Akarudi tena na tena, mji haukumpa. Mwisho haukuwa wa mizinga, Wamazrui waligawanyika wenyewe kwa wenyewe kwenye kurithi, na mwaka 1837 Seyyid akaingia Fort Jesus kwa mapatano. Kisha wakubwa wa ukoo, Rashid bin Salim na wenzake zaidi ya ishirini, wakaalikwa, wakakamatwa kwa hila, wakasafirishwa mpaka Bandar Abbas, wakafia kifungoni. Waliosalimika ndo waliokwenda Gazi na Takaungu.

Kusi Kali

Na Owen mwenyewe aliishia wapi? Usimwache baharini.

Mwana wa Bahari

Hakupumzika. Mwaka 1827 akatumwa na meli nyingine, Eden, kwenda Fernando Po, kisiwa ambacho leo ni Bioko ya Guinea ya Ikweta, ajenge kituo cha kupambana na meli za watumwa Afrika Magharibi. Akaanzisha mji akauita Clarence, na mji huo ndo Malabo ya leo. Alikamata meli za watumwa, akaachia watu huru, na homa ikampukutishia mabaharia kwa mara nyingine. Akagombana na wakubwa wa London kuhusu uendeshaji, 1829 akaondoka. Unaona ni mtu yuleyule, nidhamu ya kazi ya ajabu na mdomo usiojua kunyamaza.

Uzeeni akahamia Campobello, kisiwa cha New Brunswick huko Canada, ambacho ukoo wake ulikuwa umepewa toka enzi za baba yake. Akawa mwenye kisiwa, hakimu, na Jumapili anawahubiria wavuvi. Na mwaka 1842, umri unakaribia sabini, wakampa tena kupima, Ghuba ya Fundy, sehemu yenye maji kujaa na kupwa kukubwa kuliko pote duniani, akafanya hiyo kazi mpaka 1847. Cheo cha makamu admirali kilimfika 1854 akiwa ameshastaafu, akafariki mji wa Saint John Novemba 1857.

Vidal aliendelea kupima na jina lake lipo Cape Vidal Afrika Kusini. Emery aliacha shajara yake ya Mombasa, iko kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali huko London, na humo kuna mji wa Mvita wa 1824 mpaka 1826 siku kwa siku: jahazi gani limeingia, mvua imenyesha, nani kagombana na nani, Wanyika (Mijikenda wa leo) wameleta nini sokoni. Hiyo inatakiwa itafsiriwe kwa Kiswahili yote na iwekwe Fort Jesus pale mtoto wa shule aisome. Mwenye mtu anayefanya kazi makumbusho amfikishie huu uzi, na wenye masimulizi ya wazee kuhusu English Point au kuhusu Reitz yawekeni hapa, binti_kisauni nakusubiri wewe wa kwanza.